Edith na Mizani ya Pumzi

Fundi wa nguo hakushonei suruali kwa kukutazama ukipita barabarani. Atakuita, atakuzungushia utepe kiunoni, ataandika namba kwenye daftari lake, na hata baada ya hapo atakutaka uijaribu kabla ya pindo la mwisho. Heshima hiyo, ambayo kiuno hupewa kwa ajili ya kipande cha kitambaa, nimeona watu wakinyimwa walipokuwa kitandani, ulimi umefungwa na nusu ya mwili imelala, kwa ajili ya chakula kinachowaweka hai. Walikadiriwa tu. Ndiyo maana naandika habari za Edith Jepkosgei, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mpangaji wa chumba cha watu wawili mtaani Al Mansoura, jijini Doha, ambaye cheo chake hospitalini kilikuwa kidogo hata jina lake halikuwamo kwenye ubao wa mlangoni.

Edith alizaliwa Nandi, mashambani kwenye majani chai, na mama yake alikuwa mchumaji. Kila alasiri mama huyo alipeleka kikapu chake kwenye kituo cha kununulia chai, na kila alasiri karani wa mizani alitaja kilo kabla mshale haujatulia. Wachumaji wengine walinyamaza wakaondoka. Mama Edith alisimama palepale, akaizuia foleni nzima, akasema, "Ngoja utulie, ndipo usome." Aliitwa mkaidi. Aliitwa mgomvi. Siku moja karani alichoka, akangoja, na kuanzia siku hiyo akawangojea wote. Edith alikua akiliona jambo hilo, na naamini hakuna chuo kilichomfundisha zaidi ya foleni ile.

Alisoma stashahada ya lishe, akafanya kazi Eldoret miaka mitatu, kisha akaja Doha. Leo ana miaka sita katika hospitali moja ya kuwarekebisha waliopata kiharusi na ajali. Sitaitaja jina, kwa kuwa kosa nitakalolieleza lingetendeka katika hospitali yoyote inayoiamini karatasi kuliko mwili. Kazi yake ni kukagua sinia za chakula, kuandika mgonjwa amekula nini na amebakiza nini, na mara chache, anapoagizwa, kuendesha mashine ya kupimia pumzi.

Mashine hiyo yastahili kuelezwa. Mgonjwa hulala chali bila kula wala kunywa kitu tangu jioni iliyotangulia, isipokuwa maji. Kichwa chake hufunikwa kwa kuba ya plastiki angavu, mfano wa kawa iliyofunika mkate. Kwa nusu saa hatakiwi kusema, kucheka wala kusinzia. Mashine hupima oksijeni anayoivuta na kabonidioksidi anayoitoa, na kutokana na hizo mbili hupiga hesabu ya moto unaowaka ndani yake, yaani kalori anazozitumia akiwa amelala tu. Hakuna sindano, hakuna maumivu. Ilinunuliwa kwa bei kubwa. Edith alipoanza kazi aliikuta chumbani imefunikwa shuka, na juu ya shuka pamewekwa boksi la glavu.

"Kwa nini haitumiki?" aliuliza.

"Inachukua muda," aliambiwa.

Muda! Nusu saa ya asubuhi moja katika maisha ya mtu.

Badala ya mashine, idara ilitumia kanuni. Unaingiza uzito, urefu na umri kwenye kompyuta, inakupa namba. Sina ugomvi na kanuni. Imetungwa na watu wenye akili, na kwa wengi hukaribia ukweli. Ugomvi wangu ni kwamba kanuni haiwezi kujua kama uzito ulioilisha ni wa leo au wa miaka saba iliyopita.

Hapo ndipo anapoingia Laban Simiyu, mlinzi wa jengo moja la maofisi Al Sadd, mtu wa Kimilili, umri miaka arobaini na minne, baba wa binti mmoja aitwaye Chelsea. Alianguka kwa kiharusi akiwa lindoni, mwezi wa pili. Aliokolewa, akaletwa hospitali ya akina Edith akiwa amepooza upande wa kulia. Kumeza kulirudi mapema, kukapimwa, kukaonekana salama. Maneno ndiyo yaliyopotea yote, likabaki moja. Neno hilo lilikuwa "sawa."

"Umelala vizuri?" Sawa. "Unasikia maumivu?" Sawa. "Umeshiba?" Sawa.

Wauguzi walimpenda kwa upole wake. Edith alimwita Baba Chelsea, naye aliposikia jina hilo jicho lake la kushoto lilicheka.

Katika juma la tatu, siku ya Jumapili, Edith aliokota sinia yake ya mchana. Kila kitu kilikuwa kimeliwa, na hilo halikumshangaza. Kilichomsimamisha ni kifuniko cha mtindi. Laban alikuwa amekishika kwa mkono wake mzima na kukilamba mpaka karatasi yake imeng'aa. Edith alimtazama mtulinga. Ulikuwa umejitokeza kama mpini. Akaenda kwenye faili.

Faili ilisema Laban alilazwa akiwa na kilo hamsini na nane. Ilisema pia kwamba wiki hiyo, alipopimwa kwa mizani ya kitanda kwa mara ya kwanza, alikuwa na kilo sitini na saba. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa furaha kwamba mgonjwa ameongeza kilo tisa. Na chini yake mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa ameandika: Hana bidii. Anachoka baada ya dakika nne. Jumapili ijayo jopo litaamua kama aendelee au asafirishwe nyumbani.

Msomaji anayefahamu maisha ya Ghuba hahitaji kuelezwa maana ya mstari huo. Mtu angepandishwa ndege kwa machela, mkataba umevunjwa, na huko Kimilili hakuna chumba cha mazoezi wala mashine ya kumsimamisha. Angelala alivyolala hadi mwisho wa siku zake. Na sababu ingeandikwa kuwa ni uvivu wake.

Edith alimwendea Daktari Maha, mkuu wa idara ya lishe, mwanamke makini asiye na ubaya, ila mwenye wagonjwa sitini.

"Daktari, mtu aliyeongeza kilo tisa kwa wiki tatu halambi kifuniko."

"Wengine hupenda mtindi, Edith."

"Hizi hamsini na nane zilipimwa wapi? Siku alipolazwa hakuweza kusimama."

Daktari Maha alipekua. Namba ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye kadi ya afya ya kampuni, ile aliyopigiwa muhuri Laban alipoingia nchini miaka saba nyuma, mtu aliyetoka kwenye njaa ya kukosa kazi.

"Kwa hiyo tunamlisha mtu aliyeshuka uwanja wa ndege miaka saba iliyopita," alisema Edith. "Huyu wa leo nani anamlisha?"

"Huna uzito wake wa kabla ya kuugua. Unakisia kama sisi tulivyokisia."

"Basi niruhusu nipime."

"Jopo ni Jumapili. Ukileta namba safi nitaitetea. Ukileta namba yenye dosari, wataicheka, nami sitakusaidia."

Jumatano asubuhi Edith aliondoa boksi la glavu, akakunja shuka, akaisukuma mashine hadi wodini. Juu ya kitanda cha Laban kulikuwa na kibao tangu jana yake, kwa Kiarabu na Kiingereza: asipewe chakula. Alimfunika kuba, akamwambia, "Baba Chelsea, pumua tu, mengine niachie." Laban alilala kimya kama aliyeelewa uzito wa jambo. Baada ya nusu saa namba ikatoka: kalori elfu moja mia tisa na sitini. Chakula alichopangiwa kilikuwa cha elfu moja na mia tano.

Mwingine angekimbia nayo. Ilikuwa namba ya ushindi, kubwa kuliko alivyotumaini, na jopo lilikuwa siku nne mbele. Edith akatazama mstari wa pili. Mwili uliofunga tangu jana huchoma zaidi akiba yake ya mafuta, na kwa kila oksijeni mia unayoivuta hutoa kabonidioksidi themanini na kitu. Mwili uliotoka kula wanga na sukari hutoa karibu sawa na ulichovuta. Laban alikuwa ametoa tisini na saba.

Mshale ulikuwa haujatulia.

Aliwauliza wauguzi: hakuna aliyempa kitu. Alimuuliza Laban mwenyewe: "Kuna mtu amekulisha asubuhi?" Akajibu, "Sawa." Edith alichukua karatasi yenye namba ile tamu, akaichana vipande vinne mbele ya Daktari Maha. Nimewaona wakubwa wenye vyeti ukutani ambao wasingeichana.

Ijumaa alikwenda Mesaimeer kwa ibada, kama Wakenya wengi. Ibada ilipokwisha, walinzi na madereva walikusanyika kwenye kivuli cha ukuta, wakaanza kupanga maombi ya kumwombea Laban. Aliyeyaongoza alikuwa Cyrus Wafula, aliyekaa chumba kimoja na Laban kwa miaka mitano. Kazi yake ilikuwa ulinzi wa lango la hospitali ileile, zamu ya usiku, naye alikuwa ametoka kazini asubuhi hiyo bila kulala.

"Sista Edith!" aliita. "Ndugu yetu vipi? Mimi humwona kila asubuhi nikitoka zamu, kabla basi la kampuni halijaja. Mwili unarudi ama haurudi?"

Edith alimtazama. "Kila asubuhi?"

"Saa kumi na mbili na robo, bila kukosa."

"Na huwa unampa nini, Cyrus?"

"Mimi? Simpi kitu. Nimesoma kile kibao. Asipewe chakula. Mimi ni sikyuriti, Sista, naheshimu vibao."

"Hata kidogo?"

"Hata punje. Namnywesha chai tu."

Kicheko kiliwatoka wote isipokuwa Edith. "Chai ya aina gani?"

"Chai ya watu! Si hii karak yao ya vikombe vya kuchezea. Maziwa nusu kwa nusu, tangawizi, sukari ya kueleweka. Naipika hapo kibandani langoni."

"Na mkate?"

Cyrus alikohoa. "Mkate ni wa chai, Sista. Huwezi kuhesabu mkate wa chai."

"Vipande vingapi?"

"Vinne. Siku nyingine vitano. Na siagi, Blubandi."

"Blubandi!" mlinzi mmoja alipiga makofi. "Mluhya huyu amemwekea mwenzake karamu chini ya kibao!"

"Nyamazeni ninyi!" Cyrus alifoka. "Kwetu mtu haamshwi akaachwa mkavu. Chai si chakula. Ungeniuliza kama nimemlisha, ningeapa kwa Biblia kuwa sikumlisha."

Edith hakucheka, wala hakukasirika. Aliketi kwenye kizingiti, akamweleza Cyrus pole pole: kuba, nusu saa, namba iliyoharibika, jopo la Jumapili, machela ya ndege. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Cyrus ulivyoporomoka. Mwisho alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo nimemuua ndugu yangu kwa chai."

"Hapana," Edith alisema. "Umempa ambacho wenye vyeti hawakumpa. Ulianza lini?"

"Nilipohamishiwa zamu ya usiku. Siku tisa."

"Basi siku tisa hizo ndizo zilizomshikilia. Lakini kesho asubuhi asipate hata tone. Kesho ndiyo nafasi ya mwisho. Na nijibu jingine: Laban alikuwa na uzito gani kabla ya kuanguka?"

Walinzi walicheka tena, safari hii kwa huzuni. "Tulikuwa tukimwita Trela," alisema mmoja.

"Trela haijazi fomu," alisema Edith. "Nataka kitu cha kushika."

Cyrus alifikiri, kisha akainuka. "Mkanda wake wa kazi uko chumbani. Hakuwahi kuubadilisha."

Jumamosi Edith alikuwa na mapumziko, akaenda kazini. Alimkuta Cyrus amesimama mlangoni pa chumba cha Laban, zamu yake imekwisha lakini sare bado imefungwa vifungo vyote. Chupa ya chai ilikuwa chini, tupu, imelazwa ubavu ili kila mtu aone kuwa ni tupu. Kwa nusu saa ile mlango haukupitika. Msafishaji alifika na mashine yake ya kung'arisha sakafu, akarudishwa. Toroli la kifungua kinywa lilifika, likarudishwa. Kisha akafika Daktari Maha mwenyewe, naye siku ya mapumziko, maana lile jambo la karatasi iliyochanwa lilikuwa limemkosesha raha.

"Pasi yako, Daktari," alisema Cyrus.

"Mimi ndiye mkuu wa idara."

"Ndiyo, Madam. Kwa hiyo unajua kuwa mgonjwa hatakiwi kusikia kelele. Dakika kumi na moja, tafadhali."

Daktari Maha alisubiri dakika kumi na moja katika ukumbi wa hospitali yake. Kwangu mimi, dakika hizo ni miongoni mwa zilizotumika vizuri kuliko zote katika jengo lile.

Alipoingia, namba ilikuwa kwenye kioo: kalori elfu moja mia saba na tisini. Mstari wa pili ulisoma themanini na moja. Mwili uliofunga. Mshale umetulia.

"Amelala chali," Edith alisema, "hajainua hata kidole, na tayari anachoma karibu mia tatu zaidi ya chakula chote tunachompa kwa siku. Kisha tunamwinua, tunamwambia atembee, akichoka tunaandika kwamba hana bidii."

Akatoa mkanda. Ulikuwa wa ngozi nyeusi, na tundu la nne lilikuwa limepanuka na kupasuka kwa kutumika miaka mingi. Akamfunga Laban kiunoni pale kitandani, taratibu, mpaka ulipobana. Pini haikukaa tundu la nne, wala la tatu, wala la pili. Ilipita hata la kwanza kwa upana wa vidole vitatu.

"Hakuongeza kilo tisa, Daktari. Amepoteza kumi au zaidi. Tulishangilia uzito uliokuwa ukishuka, kwa sababu tulianza kuhesabu kutoka mahali pasipokuwapo."

Daktari Maha aliushika mkanda muda mrefu. Nimesema hana ubaya, na hapa alithibitisha. "Kesho utaingia jopo pamoja nami," alisema. "Nawe ndiwe utakayesema."

Watu saba waliketi kwenye meza ile ya Jumapili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia Edith akisema zaidi ya salamu. Aliweka karatasi ya mashine upande mmoja, mkanda upande wa pili, na nakala ya kadi ya miaka saba katikati. Alisema kwa dakika sita. Mtaalamu wa viungo, aliyeandika lile neno la bidii, aliomba faili, akalikata kwa kalamu yake mwenyewe na kutia sahihi pembeni. Laban akaongezewa wiki sita.

Edith alimpangia milo mitano, akamwongezea mayai, maharagwe, maziwa na uji mzito. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi aliandika, kwa herufi za kihospitali, chai ya maziwa yenye tangawizi na mkate vipande vinne, mletaji Cyrus Wafula. Cyrus aliomba nakala ya karatasi hiyo, akaibandika kibandani langoni.

Baada ya wiki moja dakika nne za mazoezi zikawa tisa. Baada ya tatu Laban alisimama akishika vyuma, jasho likimtiririka, Cyrus akimpigia kelele kutoka mlangoni, "Trela! Weka gia!" Katika wiki ya tano alitembea kutoka kitandani hadi dirishani, hatua kumi na nne, mguu wa kulia ukiburuta lakini ukienda. Edith alimpima tena, kwa kuwa mwili hubadilika na namba ya mwezi uliopita nayo ni karatasi ya zamani. Alimwongezea tena.

Leo, katika hospitali ile, haruhusiwi mtu yeyote kunakili uzito kutoka kwenye kadi. Kila aliyepata kiharusi hupimwa kwa mizani siku anayolazwa na kwa pumzi katika juma la kwanza. Ile shuka imerudishwa kufuliwa. Katika wagonjwa kumi na wanane wa kwanza Edith aliwakuta saba waliokuwa wakipungukiwa, na wawili waliokuwa wakizidishiwa. Tisa! Nusu ya wodi ilikuwa ikilishwa kwa dhana, katika jengo lenye sakafu ya marumaru. Niambieni ni aibu ya nani. Na jina la Edith sasa limo kwenye ubao wa mlangoni, mstari wa tatu kutoka juu.

Siku ya mwisho ya wiki ile ya sita, mchana, Daktari Maha alipita wodini. Laban alikuwa ameketi kitini, amevaa suruali yake mwenyewe na mkanda wake mweusi. Pini ilikuwa kwenye tundu la pili, naye alikuwa ameifunga kwa mikono yake yote miwili, ikimchukua robo saa na matusi ya kimoyomoyo. Sinia mbele yake ilikuwa tupu. Daktari alikuwa amejifunza kwa Edith neno moja la Kiswahili, akalitumia.

"Umeshiba?"

Cyrus, aliyekuwa amekuja kumchukua, alifumbua kinywa kumjibia. Edith alimzuia kwa mkono. Wakangoja. Midomo ya Laban ilihangaika, ikafunga, ikahangaika tena, na macho yake yakamganda Edith kana kwamba anamwambia asubiri mshale.

"Bado," alisema Laban.

Edith akaenda kumletea sinia nyingine.